Insulini na kipimo chake ni dawa moja

Tarehe 1 Agosti 2013, kompyuta za maduka ya dawa katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, zilipewa kazi mpya ya kuhesabu stripu za kupimia sukari. Mgonjwa wa kisukari aliyezoea kuzichukua kwa gharama za serikali sasa alipangiwa idadi ya mwaka mzima. Anayejidunga insulini alipewa 3,000. Anayemeza vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, 400. Anayetumia dawa zisizo na hatari hiyo, au anayedhibiti ugonjwa kwa kuchunga chakula tu, 200. Zikimwishia kabla mwaka haujageuka, atanunua kwa pesa yake, au daktari wake aeleze kwa nini anastahili nyongeza.

Katika historia ya kisukari, Ontario ni mahali pazito. Kwenye mji wake mkuu, Toronto, ndiko Frederick Banting na Charles Best walikoigundua insulini mwaka 1921, ndani ya maabara ya Profesa J. J. R. Macleod, kabla James Collip hajaisafisha ikafaa kudungwa binadamu. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekondeana akisubiri kufa katika Hospitali Kuu ya Toronto, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo. Mwaka uliofuata Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki za ugunduzi huo kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isije ikaangukia mikononi mwa mfanyabiashara mmoja.

Miaka 90 baadaye, serikali ya jimbo hilohilo ilikaa kupanga nani apimwe mara ngapi kwa pesa ya umma. Ilivyofanya, na wengine walivyofanya vibaya zaidi, kunatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa huu ndio wakati tunaoandika vitita vya bima ya afya kwa wote. Hoja yangu ni moja. Kwa anayetumia insulini, stripu ni nusu ya tiba yenyewe. Bajeti ikibana, zipo sehemu za kupunguza, lakini hapo pasiguswe.

Tone la damu na uamuzi

Asiyeishi na ugonjwa huu anaweza kudhani stripu ni kitu kidogo. Ni kipande chembamba cha plastiki kilichopakwa kimeng'enya. Mtumiaji ananawa mikono kwanza, kwa sababu hata maji ya embe yaliyobaki kidoleni yanatosha kuidanganya mashine. Anajitoboa pembeni mwa ncha ya kidole, maana katikati panauma zaidi. Anakamua tone dogo na kuligusisha kwenye stripu iliyochomekwa katika mashine. Baada ya sekunde chache namba inatokea, na stripu inatupwa. Haitumiki mara ya pili. Mashine nyingi hazikubali stripu za kampuni nyingine, na kikopo chake kikiachwa wazi katika joto na unyevu wa Tanga au Mombasa, majibu hayaaminiki tena.

Namba ile ndiyo inayoamua kinachofuata. Mchukue mtoto wa darasa la tatu mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini. Asubuhi kabla ya uji anapimwa. Mashine ikisoma 14 (milimoli kwa lita), anahitaji insulini ya ziada juu ya dozi yake. Ikisoma 4, dozi inapunguzwa na uji hauchelewi. Mchana kabla ya chakula anapimwa. Jioni akitoka kucheza mpira anapimwa, kwa kuwa mazoezi hushusha sukari, na wakati mwingine huishusha saa kadhaa baada ya mchezo kwisha. Kabla ya kulala anapimwa tena, maana sukari ikishuka chini ya 3.9 usiku wa manane, mtoto aliyelala hawezi kumwambia mama yake kwamba anatetemeka. Hiyo ni mara nne, tena kwa siku isiyo na homa. Kwa mwaka ni stripu 1,460, yaani zaidi ya maboksi 29 ya stripu 50. Akipata malaria au nimonia, mara nne hazitoshi.

Kumdunga mtoto huyo insulini bila kumpima ni sawa na kumfunga kitambaa machoni ukamtuma avuke Barabara ya Morogoro. Insulini ikizidi, anazimia na anaweza kufa. Ikipungua, damu yake inajaa tindikali, anatapika, anahema kwa nguvu. Katika vituo vyetu vingi vya afya dalili hizo hudhaniwa malaria, na saa za kumwokoa hupotea wakati matibabu ya malaria yakiendelea.

Ushahidi wa kitaalamu upo tangu mwaka 1993. Mwaka huo yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, wenye washiriki 1,441 wa kisukari aina ya kwanza. Kundi moja lilitibiwa kwa mtindo wa kawaida wa wakati ule, sindano moja au mbili kwa siku. Kundi la pili lilidungwa mara tatu au zaidi, au lilitumia pampu, na kujipima sukari angalau mara nne kila siku ili dozi ifuate namba. Katika kundi la pili, hatari ya ugonjwa wa macho utokanao na kisukari ilipungua kwa asilimia 76, na ya uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Tangu hapo, hakuna daktari wa kisukari anayetenganisha sindano na kipimo. Waliopona upofu walipona kwa sababu ya vyote viwili.

Kwa mgonjwa wa kisukari aina ya pili asiyetumia insulini, habari ni tofauti, na haki inatutaka tuiseme pia. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kujipima kila siku hakumsaidii sana mtu wa namna hii, kwa sababu akishaiona namba hana dozi ya kubadilisha papo hapo. Utafiti mmoja uliofanyika North Carolina, Marekani, ukachapishwa mwaka 2017, ulifuatilia watu 450 wa kundi hilo kwa mwaka mmoja. Waliojipima kila siku na wasiojipima walimaliza mwaka wakiwa karibu sawa. Kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kiliwatosha.

Kwa hiyo stripu ileile ni kitu kimoja mkononi mwa mtu huyu na kitu kingine mkononi mwa yule. Mpangaji wa bima asiyeijua tofauti hiyo atakosea, akitoa kwa ukarimu au akikata kwa ubahili.

Ontario walivyokata

Kilichowasukuma Ontario ni pesa. Mwaka 2008 mpango wa dawa wa jimbo uliwapa stripu wazee zaidi ya 250,000, na gharama ilifika takriban dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Watafiti wa jimbo wakiongozwa na Tara Gomes walipochambua rekodi, walikuta sehemu kubwa ya stripu hizo inakwenda kwa watu wenye hatari ndogo ya sukari kushuka kupita kiasi. Walichapisha matokeo yao mwaka 2010 wakaonyesha njia kadhaa za kupunguza matumizi bila kumgusa anayetumia insulini.

Serikali ilichukua njia hiyo. Ukizitazama upya zile namba tatu utaiona akili iliyo ndani yake. Stripu 3,000 kwa mwaka ni wastani wa nane kwa siku, kiasi kinachomtosha hata mgonjwa wa insulini mwenye maisha ya pilikapilika. Stripu 400 ni zaidi kidogo ya moja kwa siku. Stripu 200 ni karibu nne kwa wiki. Mkasi ulikata pale ambapo sayansi ilisema faida ni ndogo, na mlango wa daktari kuomba nyongeza ukaachwa wazi.

Kisha wakafanya jambo ambalo serikali nyingi hazifanyi baada ya kubana matumizi. Walirudi kuangalia kama wameumiza watu. Gomes na wenzake walilinganisha rekodi za kabla na baada ya agizo la 2013, wakitazama wastani wa sukari na idadi ya waliokimbizwa hospitali kwa sukari kupanda au kushuka. Ripoti yao ya mwaka 2017 haikuona madhara ya maana.

Nasifu utaratibu huo, ila nina tahadhari mbili. Kwanza, takwimu za jimbo zima hazimwoni dereva wa lori anayemeza vidonge vya kushusha sukari, wala fundi anayepanda ngazi. Watu hao wanahitaji zaidi ya stripu moja kwa siku kwa usalama wao na wa wengine, na wasipojua kwamba daktari anaweza kuwaombea nyongeza, kwao mlango ule umefungwa. Pili, mgawo ule ulifanya kazi kwa sababu mfumo mzima uliouzunguka unafanya kazi: mgonjwa ana daktari wake, maabara ina vitendanishi, duka la dawa lina rekodi. Ukichukua namba 200 peke yake ukaipeleka mahali ambapo kipimo cha wastani wa miezi mitatu hakipatikani hospitali ya wilaya, umebeba mkasi ukaacha uzi.

Na Ontario hawakuishia kupunguza. Mwaka 2019 mpango huohuo ulianza kuwalipia wanaotumia insulini kifaa kinachobandikwa mkononi, kinachosoma sukari saa zote bila kutoboa kidole kila mara. Oktoba 2024 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya dawa kwa umma ambayo hatua yake ya kwanza ni dawa za kisukari na za uzazi wa mpango, ingawa utekelezaji unategemea makubaliano na kila jimbo. Kilichopunguzwa upande mmoja kimeongezwa upande wenye uhitaji mkubwa.

Marekani: bei ilishuka, wazee wakakosa

Jirani yao wa kusini alipita njia nyingine. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu, iliamua kukata bei. Mwaka 2011, katika maeneo tisa ya majaribio, kampuni zilishindanishwa kwa zabuni kupeleka stripu kwa posta. Julai 2013 mfumo huo ulienea nchi nzima na malipo kwa wasambazaji yakaporomoka kwa asilimia 72, hadi dola 10.41 kwa boksi la stripu 50.

Kwenye karatasi, mpango ulipendeza. Serikali iliokoa mabilioni ya shilingi zetu, na mgonjwa anayechangia sehemu ya gharama naye alichangia kidogo. Lakini bei ile iliwafukuza wasambazaji wengi. Waliobaki waliegemea stripu za bei ya chini kabisa, na wazee waliozoea mashine fulani kwa miaka wakaambiwa wabadilishe. Wengine walibadilisha. Wengine waliacha kujipima, au walijipima nusu nusu.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Diabetes Care lilichapisha uchambuzi wa rekodi za wanachama wa maeneo yale tisa. Watafiti walikuta kwamba idadi ya wanaotumia insulini waliopata stripu pungufu au kukosa kabisa iliongezeka baada ya mfumo kuanza, na kwamba kukosa huko kuliambatana na kulazwa zaidi na vifo zaidi. Wakala unaosimamia Medicare ulikuwa umetangaza awali kwamba ufuatiliaji wake haukuona tatizo. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliongeza masharti ya kuwalinda wagonjwa wasilazimishwe kubadilisha mashine. Mwisho wa mwaka huo mikataba iliisha, na zabuni ziliporudi mwaka 2021, stripu hazikuwemo.

Ontario iliuliza nani anahitaji nini. Medicare, katika zabuni ile, iliuliza bei tu. Tofauti ya maswali hayo mawili ilionekana wodini.

Afrika Kusini na kalamu zilizotoweka

Mfano wa tatu uko barani kwetu. Kwa takriban miaka kumi hospitali za umma za Afrika Kusini zilikuwa zikiwapa wagonjwa insulini ndani ya kalamu, kifaa ambacho mtu anazungusha namba ya dozi na kujidunga. Mkataba wa serikali na kampuni ya Novo Nordisk wa kuleta kalamu hizo ulifika mwisho mapema mwaka 2024. Kampuni haikuomba tena, na hakuna mwingine aliyejitokeza kwa bei iliyokuwepo. Wagonjwa wakarudishwa kwenye kichupa na bomba la sindano, huku kalamu chache zilizobaki zikielekezwa kwa wenye uhitaji zaidi, kama watoto na wazee.

Insulini ilikuwepo. Lakini mwulize bibi mwenye macho yaliyokwisha kuguswa na kisukari avute yuniti 18 kutoka kwenye kichupa kwa mwanga wa mshumaa, asikosee hata mbili. Kwake yeye, kuondolewa kwa kalamu ni kupunguziwa tiba, hata kama rejista ya bohari inaonyesha dawa ipo. Hapa hakukuwa na waziri aliyetangaza kubana matumizi. Uamuzi wa kibiashara, uliofanywa mbali, uliitikisa huduma ya umma kwa sababu serikali ilikuwa imemtegemea mzabuni mmoja.

Huku kwetu

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta Tanzania watu tisa kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Ugonjwa huu si wa matajiri tena, na foleni ya kliniki ya kisukari katika hospitali yoyote ya mkoa inalithibitisha hilo.

Bima zetu nazo zimo kwenye mabadiliko makubwa. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulisitisha Toto Afya Kadi, ambayo mzazi aliilipia Sh50,400 kwa mwaka, ukieleza kuwa wengi waliwaandikisha watoto baada ya kuugua na mfuko ukaelemewa. Machi 1, 2024 ulianza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya za dawa na huduma. Baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama zikidai bei hizo haziendani na gharama, na mwenye kadi akajikuta katikati ya mabishano ambayo hakuyaanzisha. Kabla ya hapo, Novemba 2023, Bunge lilikuwa limepitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Kenya nayo iliizika NHIF yake, iliyokuwepo tangu 1966, na Oktoba 1, 2024 ikaanza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo mwajiriwa huchangia asilimia 2.75 ya mshahara wake na ambaye hajaajiriwa huanzia shilingi 300 za Kenya kwa mwezi.

Siwalaumu wasimamizi wa mifuko kwa kuogopa kufilisika. Mfuko ukifa, mgonjwa wa kisukari hufa kabla ya wote. Ninachosema ni kwamba kitita ni mahali ambapo maneno machache huamua maisha. Kifungu kinachosema mwanachama atalipiwa kupimwa sukari akiwa hospitalini hakimsaidii mtoto wetu wa darasa la tatu saa mbili usiku. Kifungu kinacholipia insulini na kunyamazia stripu, visindano vya kutobolea na mabomba ya sindano kimelipia nusu ya tiba na kumwachia mama atafute nusu nyingine kwenye mauzo ya vitumbua.

Kwa watoto wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, pengo hilo limezibwa kwa miaka mingi na misaada. Mpango ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni za Novo Nordisk na Roche kwa kushirikiana na serikali na vyama vya kisukari, kikiwemo Chama cha Kisukari Tanzania, umewapa maelfu ya watoto insulini, mashine na stripu bila malipo. Tunawashukuru. Lakini hisani ina umri. Kijana akivuka kikomo cha miaka, anatoka kliniki ya bure na kuingia dukani na ugonjwa uleule. Wala hisani haina mahakama. Siku mfadhili akibadili vipaumbele, mgonjwa hana kifungu cha kudai.

Lipo kundi jingine linalosahaulika. Hapa kwetu wazee wengi bado wanameza glibenklamidi kwa sababu ni ya bei nafuu. Kidonge hicho kinaweza kumwangusha mzee kwa sukari kushuka, na Shirika la Afya Duniani, WHO, limeeleza kwamba hakifai kwa aliyezidi miaka 60. Anayetumia dawa hiyo akifunga Ramadhani Unguja au Lamu yuko kwenye hatari inayokaribia ya mwenye sindano. Wataalamu wanamshauri ajipime mchana, na wanakumbusha kuwa kutoboa kidole hakufunguzi. Kusema "asiyetumia insulini asipewe stripu" ni kumsahau mzee huyu, ambaye Ontario walimtengea daraja lake.

Kitita kiandikwe hivi

Insulini imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Orodha ya vipimo muhimu ya shirika hilo, iliyoanza 2018, ina kipimo cha sukari. Mei 2022 nchi wanachama, zikiwemo zetu, zilikubaliana shabaha kwamba ifikapo 2030 kila mwenye kisukari aina ya kwanza apate insulini anayoimudu pamoja na vifaa vya kujipimia. Shabaha hiyo imeviweka viwili hivyo katika sentensi moja. Vitita vyetu vifuate.

Kwanza, insulini, sindano zake na stripu zake viandikwe mstari mmoja, kwa idadi inayotajwa. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza na kwa mjamzito anayejidunga, zisipungue nne kwa siku. Anayelipiwa insulini alipiwe kipimo, bila fomu ya pili na bila kibali cha tatu.

Pili, asiyetumia insulini apewe stripu kwa sababu maalumu: anapoanza kutibiwa, anapobadilishiwa dawa, anapougua, anapokuwa mjamzito, anapofunga akiwa kwenye vidonge vya kushusha sukari. Australia ilifuata mtindo wa aina hii Julai 2016, ikampa mgonjwa wa namna hiyo stripu za bei nafuu kwa miezi sita, na kuendelea baada ya hapo kukategemea mtaalamu wa afya kuthibitisha uhitaji. Hapo ndipo pesa ya kuokoa ilipo, na iende kwenye kipimo cha maabara cha wastani wa miezi mitatu kwa hospitali zote za wilaya.

Tatu, ununuzi ufanywe kwa pamoja na mashine ziwe za aina chache, na mkataba utaje bei ya stripu kwa miaka yote ya mkataba. Mashine ya msaada isiyo na stripu ni pambo la kabati. New Zealand ilichagua mtoaji mmoja mwaka 2012 ili kushusha bei, na ililazimika kukabiliana na manung'uniko ya waliobadilishiwa mashine. Afrika Kusini imetuonyesha hatari ya mtoaji mmoja anapoondoka. Wawili wanatosha kushindana, na mmoja akiondoka mwingine anabaki.

Nne, punguzo lolote litangazwe miezi kadhaa mapema, kwa Kiswahili ambacho mgonjwa anakielewa, na baada ya mwaka mmoja serikali ichapishe idadi ya waliolazwa kwa sukari kupanda na kushuka kabla na baada ya punguzo. Watafiti wa Ontario walifanya hesabu ya namna hiyo. Anayekata pesa ya dawa bila kuhesabu walioumia hana haki ya kusema hakuna aliyeumia.

Kwako wewe msomaji mwenye kadi ya bima, au mwenye mtoto, mzazi au jirani anayejidunga: nenda kwenye ofisi ya mfuko wako, au mwulize mwajiri wako, swali moja la wazi. Je, stripu za nyumbani zimo kwenye kitita, na ni ngapi kwa mwezi? Jibu likiwa hapana, liandike katika barua kwa mbunge wako, na chama cha wagonjwa wa kisukari kilicho karibu nawe kipate nakala. Vitita huandikwa na watu, na hubadilishwa na watu. Kwa wabunge na mawaziri wa afya, ombi ni fupi: mnapopitisha insulini, pitisheni na kipimo chake, kwa sababu bila kipimo hicho dawa mliyoinunua kwa kodi yetu inaweza kumuua yule mliyetaka kumwokoa.